Uwindaji: kabla ya kubishana kama ni haki au dhambi, tuangalie mgawo unakokotolewaje

#1 Kipimapembe

Wakuu, habari za humu.

Mijadala ya uwindaji huanzia pale pale: picha ya mtu kapiga goti kando ya simba aliyekufa, kisha watu wanagawanyika. Hawa wanasema ni ukatili, wale wanasema bila fedha za wawindaji pori litageuka shamba. Kurasa ishirini baadaye kila mtu yuko alipokuwa. Niweke msimamo wangu mapema: kabla ya risasi kuna hesabu, na hesabu ndiyo inayoharibu mambo. Kitalu (eneo la pori lililotengwa kwa uwindaji) kikipewa mgawo (idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa kwa mwaka) kwa sensa ya miaka sita iliyopita, hapo hakuna usimamizi, hata karatasi ziwe na mihuri mingi kiasi gani.

Tuchukue mfano wa kutunga ili hesabu ionekane. Eneo lina malisho na maji ya kutosha swala pala 1,000. Wakiwa wachache na chakula tele, wanaongezeka kwa asilimia 30 kwa mwaka. Kadiri wanavyojaa, kasi inapungua. Kwa hiyo ongezeko la mwaka ni 0.3, mara idadi iliyopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki. Wakiwa 800, nafasi iliyobaki ni asilimia 20, ongezeko ni 48. Wakiwa 500 ni 75. Wakiwa 300 ni 63.

Ukiangalia harakaharaka utasema: basi tuwaweke 500, tuvune 75 kila mwaka, milele. Hapo ndipo watu wengi walipozama. Ukame unapita, wanabaki 300. Ongezeko ni 63, lakini mgawo umeandikwa 75, basi wanavunwa 75 na wanabaki 288. Mwaka unaofuata ongezeko ni 61, mgawo 75, wanabaki 274. Kisha ongezeko ni 60 tu. Pengo linapanuka kila mwaka, lakini kwenye karatasi tarakimu ni ile ile. Na hapo sijaweka ujangili, wala sijasema kwamba ukame wenyewe umepunguza malisho, maana yake ile 1,000 ya mwanzo nayo si 1,000 tena.

Dawa yake inajulikana. Mgawo uwe asilimia ya wanyama waliohesabiwa mwaka huu, usiwe tarakimu iliyogandishwa. Kundi liwekwe kwenye robo tatu ya uwezo wa eneo, si nusu: wakiwa 750 unavuna 56 badala ya 75, hao 19 unaowaacha ndio kinga yako mwaka mbaya ukija. Na pawe na sakafu: idadi ikishuka chini yake, mgawo ni sifuri, bila kikao cha kuomba huruma.

#2 MgongoWaNyati

Nakazia. Ila mleta uzi, mfano wako unavuna jike na dume, mkubwa na mdogo. Uwindaji wa nyara, yaani wa kuchukua pembe au ngozi kama kumbukumbu, ni hesabu nyingine, kwa sababu unatoa madume wakubwa tu. Kwa nyati kiwango kinachotumika sana ni kama asilimia 2 ya kundi lote: nyati 1,000, madume 20. Watu wakisikia 2 wanaona ni kidogo mno. Sasa toa majike, toa ndama, toa madume wanaokua. Wazee waliokwisha kujitenga na kundi wanabaki wa kuhesabika.

Ukipandisha hadi asilimia 5, mwanzoni huoni tatizo, kwa sababu unakula akiba ya wazee. Baada ya misimu michache pembe zinaanza kusema. Dume aliyekomaa, pembe zake mbili zimekutana juu ya kipaji, zimekauka na kuwa ngumu kama gome la mti mkavu. Kijana bado ana ufa katikati, laini, na manyoya yanaonekana pale kati. Nyara za pembe laini namna hiyo zikianza kuwa nyingi, jueni mnaua wale ambao ndio kwanza wanaanza kupanda majike. Tangazo lolote la kitalu linaloonyesha pembe za namna hiyo linajishitaki lenyewe.

#3 Mdadisi

Samahani wakuu, mnasema sensa, sensa. Wanahesabiwaje hasa? Na simba je, anayeshinda kichakani mchana kutwa?

#4 FimboMbili

Mdadisi, swali zuri, maana hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Kwa wanyama wakubwa wa nchi ya wazi hutumika ndege ndogo yenye mabawa juu, ili bawa lisizibe macho. Inaruka chini, kiasi cha mita 100 juu ya ardhi, kwa mistari iliyonyooka yenye umbali sawa. Nyuma ya rubani wanakaa wahesabu wawili, mmoja kila upande. Kwenye mhimili wa bawa zimefungwa fimbo mbili. Mhesabu anahesabu kinachopita kati ya fimbo tu. Kundi likiwa nje ya fimbo hata kwa hatua mbili, halihesabiwi, hata awe tembo mwenye watoto. Hilo linawasumbua wageni sana, wanajikuta wanaongeza "wale pale pembeni", na sensa nzima inapotoka.

Upana wa ukanda kati ya fimbo ni kama mita 150 kila upande, lakini haukisiwi. Kabla ya kazi, alama zinatandikwa kwenye njia ya kurukia kwa umbali uliopimwa, ndege inapita juu yake mara nyingi kwa urefu tofauti, na kila mhesabu anataja alama ya kwanza na ya mwisho aliyoiona. Ndiyo maana mhesabu habadilishi kiti wala kimo cha mto wa kukalia baada ya hapo. Akiinua kichwa kidogo tu, fimbo zinakata ardhi mahali pengine.

Kosa kubwa ni urefu. Rubani akipanda kutoka mita 100 hadi 120, ukanda unatanuka kwa asilimia 20 na wanyama zaidi wanaingia ndani. Usiporekebisha, umeumba asilimia 20 ya wanyama wasiokuwepo. Kwa hiyo urefu unasomwa na kuandikwa muda wote wa kuruka. Makundi ya zaidi ya kumi hupigwa picha na kuhesabiwa baadaye mezani, kwa sababu jicho likiona nyati 200 hupunguza. Pala kwenye majani makavu hupungua kuliko wote, rangi inafanana.

Mwisho wa kazi unapata kadirio lenye ukingo: 1,000, jumlisha au toa 400. Mgawo ukokotolewe kwa 600. Ukiona mgawo umekokotolewa kwa 1,000, au mbaya zaidi ripoti haina ukingo kabisa, rudisha ripoti.

Simba na chui ndege haiwaoni. Chui huhesabiwa kwa kamera za kujipiga zenyewe, mbili zikitazamana pande mbili za njia, kwa sababu madoa ya ubavu wa kushoto si ya kulia. Ukiweka moja utamhesabu chui mmoja mara mbili. Simba huitwa kwa sauti ya ndama wa nyati anayelia, ikipigwa kwa spika usiku, au huhesabiwa kwa nyayo asubuhi na wafuatiliaji wazoefu.

#5 MgongoWaNyati

Niongezee simba, kwa sababu kwake idadi peke yake haitoshi. Umri ndio kila kitu. Dume mwenye familia akiuawa, madume wengine wanaingia na kuua watoto wadogo ili majike warudi kwenye joto mapema. Watoto wanahitaji ulinzi karibu miaka miwili. Ukipiga dume mmoja wa miaka minne, umepiga na watoto ambao hukuwaona. Utafiti uliochapishwa 2004 kwa takwimu za Serengeti ulionyesha kuwa ukipiga walio juu ya miaka mitano au sita tu, watoto wao wamekwisha kukua na kundi haliyumbi sana.

Namna ya kumjua akiwa hai: pua. Mtoto ana pua ya waridi. Vitone vyeusi huanza, huungana, na akifika kama miaka mitano nusu ya pua imekuwa nyeusi. Manyoya ya shingo yanadanganya, maana joto la mahali huyabadilisha. Baada ya kuuawa, jino hupigwa picha ya eksirei: uwazi wa ndani ya jino huziba kadiri umri unavyokwenda. Niassa, Msumbiji, walitumia pointi: ukileta mzee mgawo wako unabaki, ukileta kijana unakatwa mwaka unaofuata. Adhabu ya namna hiyo inafanya kazi kwa sababu inamgusa mwenye kitalu mfukoni, si mgeni aliyekwisha kupanda ndege.

#6 SautiYaTwiga

Nimesoma kwa makini, na ninawaheshimu kwa ujuzi. Lakini kuna swali mnalizunguka.

Simba Cecil, aliyeuawa Julai 2015 nje ya mpaka wa hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, alikuwa na miaka 13. Kwa kipimo cha pua amefaulu na zaidi. Dunia ilikasirika hata hivyo, na hasira ile haikutokana na kutojua hesabu. Watu walikuwa wanauliza kama kiumbe kile kilikuwa na haki ya kumaliza uzee wake. Hesabu ya mgawo haijibu hilo.

La pili: wapo wanaosema binadamu ni mwindaji kama wengine, sehemu ya asili. Si kweli kwa namna tunavyochagua. Fisi na mbwa mwitu huchukua sana watoto, wazee, wagonjwa. Sisi tunachukua aliye bora. Ram Mountain, Alberta, Kanada, kondoo wa milimani walipigwa kwa kigezo cha mkunjo wa pembe. Dume mwenye pembe zinazokua haraka alifikia kigezo akiwa na miaka minne hivi, akauawa kabla ya miaka yake ya kuzalisha. Mwenye pembe ndogo akabaki, akazaa. Baada ya miaka thelathini hivi pembe za kundi zima zilikuwa zimepungua. Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya 1977 hadi 1992, majike wa tembo wasio na meno waliongezeka kutoka kama asilimia 18 hadi 51, maana wenye meno waliuawa. Ule ulikuwa ujangili, najua, lakini mkono unaochagua pembe ni ule ule.

La tatu: Selous, Tanzania. Sehemu kubwa ilikuwa vitalu vya uwindaji. Sensa ya 1976 ilikuta tembo kama 109,000, ya 2013 ikakuta kama 13,000. Hiyo fedha ya wawindaji inayolinda pori ilikuwa wapi?

#7 Kipimapembe

Dada, hoja ya pili nakubali bila masharti. Kigezo cha ukubwa wa pembe peke yake ni sumu. Kinachosaidia ni kigezo cha umri, kwa sababu dume wa miaka tisa ameshazaa, awe na pembe kubwa au ndogo, na pawe na maeneo ya jirani yasiyowindwa ili damu nyingine iingie. Pia huwa tunasahau majike: mahali idadi ni kubwa mno, kupiga madume hakupunguzi chochote, kwa sababu dume mmoja anapanda majike wengi. Ukitaka kupunguza, ni majike.

Selous, tembo hawakumalizwa na mgawo, walimalizwa na magenge ya meno. Lakini hilo halikufuti hoja yako. Mwindaji analeta pato. Pato likiingia kwenye mfuko wa mbali lisirudi kuwa mafuta ya gari la doria na posho ya askari, kitalu kinakuwa mstari tu kwenye ramani.

Hoja ya kwanza siwezi kuijibu kwa kikokotoo. Sitajifanya ninaweza.

#8 BondeLaUfa_88

Mimi nina shida na upande wa "tuwaache wenyewe". Tuwaache wapi? Kisiwa cha St. Matthew, Alaska, 1944, waliachwa kulungu wa Aktiki 29. Hakuna mwindaji, hakuna mbwa mwitu. Mwaka 1963 walikuwa kama 6,000, wakakwangua laikeni yote (uoto mfupi unaotambaa juu ya mawe na udongo), chakula ambacho huchukua miongo kuota tena. Baridi kali ikaja. Mwaka 1966 walihesabiwa 42, na dume alikuwa mmoja tu.

Uholanzi, Oostvaardersplassen: ng'ombe, farasi na kulungu ndani ya uzio, asili ijiendeshe. Baridi ya 2017 kuingia 2018 walikufa zaidi ya 3,000, wengi wakipigwa risasi na walinzi kwa sababu walikuwa wamekonda kupita kuponea. Yaani risasi ilikuja vile vile, ila baada ya wiki za njaa. Uzio ukishakuwepo, kutofanya kitu nako ni uamuzi wa mtu.

#9 SautiYaTwiga

Lakini mifano yote miwili ni ya sehemu zisizo na wawindaji wa asili. Kwa nini mnarukia bunduki kabla ya kuwarudisha? Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, walimaliza mbwa mwitu 1926, wakawarudisha 31 kutoka Kanada 1995 na 1996. Kulungu aina ya elki wa kaskazini ya hifadhi walikuwa kama 19,000 mwaka 1994, wakashuka chini ya 4,000 kufikia 2013.

#10 FimboMbili

Ni mfano mzuri, na si mwepesi kama unavyosimuliwa. Elki hawakupunguzwa na mbwa mwitu peke yao: dubu waliongezeka, ukame ulikuwepo, na waliotoka nje ya mpaka waliendelea kuwindwa na watu. Mimea pia haikurudi kote. Zamani panya wakubwa wa majini waitwao biva walijenga mabwawa yaliyoinua maji ya ardhini. Walipotoweka, vijito vikachimba chini, maji yakashuka, na mierebi ikakosa maji mizizini. Kumrudisha mbwa mwitu hakurudishi maji. Kuondoa mnyama ni rahisi kuliko kurudisha alichokuwa anakishikilia.

Na kuua nako kuna madhara ambayo hesabu ya #1 haiyaoni. Uingereza, jaribio la 1998 hadi 2005 la kupunguza beja, wanyama wa jamii moja na nyegere, ili kuzuia kifua kikuu cha ng'ombe: ndani ya eneo ugonjwa ulipungua, lakini pembezoni uliongezeka, maana waliobaki walivuruga mipaka yao, wakatangatanga na kusambaza vimelea. Pilanesberg, Afrika Kusini, walipelekwa tembo yatima waliookolewa kwenye uvunaji (kuua ili kupunguza idadi) wa hifadhi ya Kruger. Madume wakakua bila wazee, wakaingia kwenye ukali wa kupandana wakiwa vijana mno, wakaua zaidi ya faru 40. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa, na mauaji yakakoma. Kwenye fomu ya mgawo tembo ni "kichwa kimoja". Porini dume mzee ni breki ya wengine.

#11 Mdadisi

Kwa hiyo tembo wakizidi, mnafanya nini bila kuua? Dawa za uzazi?

#12 Kipimapembe

Zipo. Chanjo ya kuzuia yai kurutubishwa ilijaribiwa Makalali, Afrika Kusini, kuanzia 2000. Jike anadungwa kwa mshale, kisha anarudiwa, kisha kila mwaka au karibu. Ugumu ni huu: mimba ya tembo ni miezi 22, kwa hiyo waliokwisha kushika mimba watazaa kwa karibu miaka miwili baada ya chanjo ya kwanza. Haipunguzi waliopo, na tembo anaishi hadi miaka 60. Inafaa kundi dogo ndani ya uzio ambalo kila jike anajulikana kwa masikio yake. Kundi la maelfu nchi wazi, utamkuta yule yule mara tatu na mwingine hutamwona kabisa.

Kuhamisha kunafaa kama kuna pa kuwapeleka, na familia ihamishwe nzima. Funzo la Pilanesberg hilo.

Njia inayosahauliwa ni maji. Kruger walivuna zaidi ya tembo 14,000 kati ya 1967 na 1994, huku mabwawa na visima vya kuchimbwa vikiwashikilia kila kona ya hifadhi mwaka mzima. Baadaye visima vingi vilifungwa. Maji yakiwa mbali na malisho wakati wa kiangazi, mama mwenye ndama hutembea zaidi, ndama dhaifu hufa, na miti ya mbali na mto hupumzika. Ni ukatili pia, tusijidanganye, lakini ndivyo ukame ulivyofanya kazi kabla ya visima.

#13 BondeLaUfa_88

Fedha hamjaigusa vizuri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na hadi 2016 wanyama wa nyanda za malisho walipungua kwa takriban theluthi mbili. Watetezi wa uwindaji wanapenda sana takwimu hiyo. Ila muda ule ule kondoo na mbuzi waliongezeka mno, ardhi ikagawanywa, uzio ukapigwa. Marufuku haikuua wanyama, wala haikuwaokoa. Namibia tangu 1996 jumuiya zimepewa haki juu ya wanyama kwenye ardhi yao, na mapato yanaingia kwao moja kwa moja. Marekani tangu 1937 kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, inarudi kwenye uhifadhi. Angalieni kinachofanana: fedha ina njia fupi ya kurudi porini. Mahali njia ni ndefu, utalii wa picha nao unashindwa vile vile.

#14 Tumbusi

Jambo dogo mnaloliruka: mabaki. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yenyewe, na hapa yanakutana. Kichwa cha risasi chenye madini hayo kikigonga mfupa hupasuka vipande mamia, vingine vidogo kama chembe ya chumvi. Mzoga ukipigwa eksirei, utaona vumbi jeupe limetapakaa mbali na njia ya risasi. Matumbo yakiachwa porini, tumbusi wanakula. Asidi ya tumbo lao ni kali, inayeyusha chembe, na ndege anakufa polepole, shingo imelegea. Kondori wa California, ndege wakubwa mfano wa tumbusi, walibaki 22 mwaka 1982, na sumu hii ni moja ya sababu kubwa. Jimbo hilo limezuia risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019.

Shaba tupu inabaki kipande kimoja. Lakini ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule ni kirefu zaidi: bunduki ilengwe upya kabla ya kuingia porini, na kwa baadhi ya mitutu itabidi kushuka uzito mmoja, la sivyo risasi inayumba na mnyama anajeruhiwa. Na aliyejeruhiwa akapotea lazima akatwe kwenye mgawo kama aliyeuawa. Asipokatwa, mtu anaweza kuua watatu kwa kibali kimoja.

#15 Mdadisi

Asanteni sana. Nikipewa ripoti ya kitalu, nianzie wapi?

#16 FimboMbili

Tafuta tarehe ya sensa na ukingo wa kadirio. Halafu angalia mgawo uliotolewa dhidi ya waliopatikana, miaka mitano mfululizo. Mgawo ukiwa 20 na wanaopatikana wanashuka 20, 18, 13, 9, huku siku za kuwinda zikiongezeka kwa kila mnyama, kundi limeisha hata sensa iseme vinginevyo. Kisha safu ya waliojeruhiwa. Ikiwa imejaa sifuri miaka yote, mtu hajaandika ukweli.

#17 SautiYaTwiga

Na mimi niongeze safu moja: kwenye ripoti hiyo, tafuta umri wa kila dume. Kama haupo, mengine yote msiyasome. Kwenye suala la haki yake ya kuishi bado nipo pale pale, na nitafungua uzi wake, kwa sababu kwa uzito, katika mamalia wote wa dunia, wa porini wamebaki asilimia 4 tu. Wengine wote ni sisi na mifugo yetu. Ningependa tuanzie hapo.